Vyama vya wafanyabiashara wa jamii mbalimbali vishirikiane vipi?

Muuza leso: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Hapa Mombasa tunauziana kila siku, lakini kila jamii hukutana kwenye chama chake. Je, tuviunganishe?

Wakala wa forodha: Waalaikumu salaam. Mwaka 1965 chama cha kitaifa cha wafanyabiashara na viwanda kilizaliwa kwa kuunganisha vyama vitatu, vya Waafrika, Waasia na Wazungu. Hata hivyo mkopo wa kuaminiana bado hupatikana kwa jamaa na majirani, kwa hiyo nisingevivunja vya sasa. Tuanze na kontena moja: anayeagiza vitambaa kupitia bandari ya Kilindini awape nafasi wanaoagiza kidogo, na gharama zigawanywe kwa ujazo.

Mama wa Kongowea: Nakubali, mwanangu, ila mkataba uandikwe kwa Kiswahili, nimechoka kusomewa.