Nimepanda daladala Sabasaba, nimeshukia Nanenane. Nani anijuze?

Mgeni wa Kisasa

Mbukwenyi wana Dodoma! Nimehamia huku kikazi mwaka jana, kwetu Njombe. Jumamosi nimepanda daladala pale Sabasaba, konda anaita "Nanenane, Nanenane, wawili tu!" Nikajikuta nacheka peke yangu: nauli moja imenivusha mwezi mzima na siku moja.

Sasa swali. Najua 8 Agosti ni Siku ya Wakulima na maonesho yako Nzuguni. Lakini mzee mmoja dukani ananiambia zamani wakulima walikuwa wanasherehekea Sabasaba. Ilikuwaje tarehe ikahama? Na vile vipando nilivyochungulia kwenye uzio, mahindi kijani kibichi wakati mji mzima ni vumbi, yanastawi kwa mvua ipi?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Mzee wa dukani hajakosea. 7 Julai ni siku iliyozaliwa TANU, mwaka 1954. Kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya chama na ya mkulima kwa pamoja, hakuna aliyeona ajabu. Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwaka 1992, siku ya kuzaliwa chama kimoja ikawa ngumu kuiita sikukuu ya kila mwenye jembe. Ndani ya miaka michache wakulima wakahamishiwa 8 Agosti, na Sabasaba wakaachiwa wafanyabiashara, yale maonesho ya Barabara ya Kilwa kule Dar. Mimi nilikuwa kazini wakati huo. Kwetu wa vipando badiliko kubwa lilikuwa moja: tulipata mwezi mmoja zaidi wa kumwagilia.

Nane Nane huwa inafanyika kwa kanda. Nzuguni ni Kanda ya Kati, Dodoma na Singida. Arusha wako Themi, Mbeya wako John Mwakangale, Lindi wako Ngongo. Kilele cha kitaifa kimekuwa kikizunguka: 2018 hadi 2020 kilikuwa Nyakabindi, Simiyu, na 2024 kikaja hapa kwetu.

Sasa hayo mahindi yako. Mvua hiyo inatoka bombani, kijana wangu. Huku masika yetu ni moja tu, inaanza Desemba na kufikia Aprili imeaga. Ukitaka suke likomae 8 Agosti, lazima upande katikati ya Aprili, wakati jirani yako anawaza kuvuna, halafu ushike mpira wa maji asubuhi na jioni miezi mitatu.

Nikupe kisa. Katikati ya miaka ya 90 nilisimamia kipando cha mtama cha wilaya moja, siitaji. Tulipanda Tegemeo, mtama mweupe, na ulipendeza kweli. Lakini fikiria: mwisho wa Julai kila mtu ameshavuna, kuanzia Ihumwa mpaka mjini hakuna suke lililosimama isipokuwa letu. Ndege kwelea-kwelea wanalijua hilo kuliko afisa yeyote. Tukaweka vijana wawili, madebe na manati. Tarehe 5 mmoja akaenda kunywa chai, mwenzake akaona uvivu kubaki peke yake, akamfuata. Waliporudi masuke yamebaki kama fagio.

Mkubwa wangu hakupiga kelele. Aliagiza gari tu. Tukaenda kijijini, tukanunua masuke ambayo hayajapurwa, na usiku kwa taa ya chemli tukayafunga moja moja juu ya mabua kwa uzi wa katani. Mistari mitatu ya mbele tu, huko nyuma nani atafika? Siku ya kilele mgeni rasmi akapita, akapigwa picha, akatupongeza.

Saa tisa hivi akaja mama mmoja mtu mzima, kikapu mkononi, kaniki imepauka. Akasimama muda mrefu. Akalishika suke, akaligeuza shingo taratibu kama anayemwangalia mtoto nyuma ya masikio. Akasema, "Mwanangu, bua ni la Tegemeo, suke jekundu. Huyu mtama amezaa nje ya ndoa?" Akavuta kidogo, suke likabaki mkononi mwake na uzi wake unaning'inia. Akalitia kikapuni. Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Na mbegu yake mnauza?"

Nilimpa kilo mbili za Tegemeo halisi, bure, ili aondoke.

Mtoto wa Kongwa

Shikamoo mzee. 😂😂 Nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini.

Ila ukitaja historia usiruke kwetu. Onesho kubwa la kilimo kuliko yote mkoa huu lilikuwa Kongwa, na halikuwa na kiingilio. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, na baadhi ya matrekta yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo wetu kiangazi unakuwa kama sakafu, na mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 wakafuta mradi, pauni milioni 36 zimeyeyuka. Siku hizi tunasifika kwa ranchi. Bibi yangu aliendelea kulima karanga zake nusu ekari kwa jembe la mkono, mwaka hadi mwaka, wala hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuja kumpongeza.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Hiyo nusu ekari ya bibi ndiyo ilitakiwa iwekewe uzio watu walipe kuiona.

Mama Zabibu Mpunguzi

Nawasalimu. Baba yetu hapo juu asiwakatishe tamaa watu. Mimi kupogoa mizabibu nimejifunzia Nzuguni, kwenye banda la watafiti wa zabibu wa Makutupora. Nilikuwa nakata ovyo, naogopa kuufupisha mzabibu nikidhani nauua. Yule dada alinipa mkasi mkononi, akaniambia hesabu macho kwenye tawi, pale panapochipua, acha machache, kata. Nikatetemeka, nikakata. Huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili yanaangukia Agosti kwenda Septemba, kwa hiyo siku zile unaweza kukuta tunda liko kwenye mzabibu bila kulifunga na uzi (samahani baba).

Malalamiko yangu ni mengine. Ukipita lango, mwendo wote wa kwanza ni beseni, mapazia, viatu na spika zinagombana. Mkulima aliyekuja kutafuta mbegu ya alizeti anafika bandani saa nane amechoka na ameshatumia nauli kwenye chipsi. Beseni hata sokoni zipo.

Mgeni, usiende siku ya kilele, utaona migongo ya watu tu. Nenda tarehe 3 au 4 asubuhi, wataalamu bado wana sauti na wana muda. Beba maji, funga kitambaa kichwani, upepo wa Agosti Nzuguni hauna adabu. Ukifika paredi ya mifugo uliza ng'ombe aina ya Mpwapwa. Amezalishwa mkoani hapa, na wengi wa mjini hawajui kama yupo.

Mgeni wa Kisasa

Shikamooni nyote, nimechelewa kuamkia, mnisamehe. Kumbe nilidhani nauliza tarehe tu.

Mama yangu anakuja Agosti kunitembelea. Amelima mahindi Njombe maisha yake yote. Nitampeleka tarehe 4 nione atasema nini akiona yale ya bomba.

Bwana Shamba Mstaafu

Mlete. Nitakuwepo banda la mtama, kofia ya ukindu. Ila mwambie asivute suke mbele ya watu.