Thamani za aigeni zote zina sehemu halisi hasi, mbona mfumo unaobadilika kwa wakati hautulii?

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, ninachambua mfumo wa udhibiti usio wa mstari, ambao kidhibiti chake kinatakiwa kuufanya ufuate njia iliyopangwa. Nilipoandika mlinganyo wa tofauti kati ya hali ya mfumo na njia hiyo, kisha nikaukadiria kwa mlinganyo wa mstari, nilipata x' = A(t)x, ambapo x ni tofauti hiyo, x' ni kasi ya mabadiliko yake, na A(t) ni matriki inayobadilika kwa wakati. Kila wakati ninaoukagua, thamani za aigeni za A(t), yaani namba zinazoonyesha kama suluhisho lingekua au kufifia iwapo matriki isingebadilika, zina sehemu halisi iliyo hasi. Hata hivyo, uigaji wa kompyuta unaonyesha tofauti ikikua badala ya kufifia. Nimepunguza hatua ya wakati na matokeo ni yale yale, kwa hiyo sidhani kwamba chanzo ni ukokotoaji. Je, kigezo hiki, kwamba sehemu halisi zikiwa hasi mfumo hutulia, hakifai hapa?

Jibu la kwanza

Hakifai. Mfano mashuhuri ni ule wa Markus na Yamabe wa mwaka 1960, na inafaa uukokotoe kwa mkono wako. Safu mlalo ya kwanza ya A(t) ni (−1 + 1.5cos²t, 1 − 1.5 sin t cos t), na ya pili ni (−1 − 1.5 sin t cos t, −1 + 1.5 sin²t). Jumla ya mshazari mkuu ni −0.5 na ditaminanti ni 0.5 wakati wote, hivyo thamani za aigeni hazibadiliki kamwe: sehemu yake halisi ni −0.25. Lakini x = e^(0.5t)(cos t, −sin t) ni suluhisho la mlinganyo huo, nalo linakua bila kikomo.

Sababu inaonekana ukiitazama sehemu linganifu ya A(t), yaani nusu ya jumla ya A na matriki iliyogeuzwa safu zake. Sehemu hiyo ina thamani za aigeni 0.5 na −1, na mwelekeo wa ile ya 0.5 ni (cos t, −sin t). Mwelekeo unaorefusha vekta unazunguka sambamba na suluhisho lenyewe, kwa hiyo hali ya mfumo haipati nafasi ya kuingia katika mwelekeo unaoipunguza. Thamani za aigeni zinaueleza mfumo kana kwamba umesimamishwa papo hapo. Mzunguko huo haziuoni. Kigezo chako kinarudi kuwa halali endapo A(t) ina ukomo, sehemu halisi zote ziko chini ya namba hasi moja isiyobadilika, na A(t) inabadilika polepole vya kutosha.

Jibu la pili

Njia iliyo salama zaidi ni ile ya Lyapunov, aliyeiweka katika tasnifu yake ya mwaka 1892: unatafuta kipimo V(t,x) cha umbali wa hali kutoka sifuri, kisha unaonyesha kwamba kinapungua. Lakini hapa ina masharti ambayo wengi huyaruka. Haitoshi V(t,x) kuwa chanya na kupungua. Chukua x' = x, ambao hauna uthabiti wowote, pamoja na V = e^(−3t)x². Kiwango cha mabadiliko ya V ni −e^(−3t)x², ambacho ni hasi, na bado x inakua. Kilichokosekana ni ukomo wa chini usiotegemea t. Ukomo wa juu usiotegemea t nao unahitajika, la sivyo unaweza kupoteza usawa wa uthabiti kwa nyakati zote za kuanzia: katika x' = −x/(1+t) suluhisho linaelekea sifuri, ila kadiri unavyochelewa kuanza ndivyo linavyokwenda polepole zaidi. Mfumo wa namna hiyo haustahimili misukosuko midogo ya kudumu, nami nisingeukubali katika kidhibiti chochote.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nimepata V yenye ukomo wa pande zote mbili, lakini kiwango cha mabadiliko yake ni −e² tu, ambapo e sasa ni kosa la kufuata njia, ilhali hali ya mfumo ina kijenzi kingine, θ, ambacho ni kosa la namba isiyojulikana ambayo kidhibiti kinaikadiria. Milinganyo ni e' = −e + θw(t) na θ' = −e w(t), ambapo w(t) ni ishara inayotokana na njia iliyopangwa. Je, naweza kutumia kanuni ya LaSalle, ile inayotumika V isipopungua kila mahali?

Jibu la tatu

La. Kanuni hiyo katika umbo lake la kawaida ni ya mifumo isiyotegemea wakati. Tumia lema ya Barbalat, inayosema kwamba kiasi ambacho integrali yake kwa wakati wote ina kikomo, nacho kinabadilika kwa ulaini, kinaelekea sifuri: kwa kuwa V haiongezeki, e na θ zina ukomo, w(t) ikiwa na ukomo pia, basi e' ina ukomo, kwa hiyo e² inabadilika kwa ulaini unaotakiwa, na kutokana na hayo e inaelekea sifuri.

Kuhusu θ, lema hiyo haikupi chochote. Ukiweka w(t) = e^(−t) (hapa e ni namba ya Euler, si kosa), ishara inafifia mapema na θ kwa kawaida husimama mbali na sifuri. Ili θ nayo ifike sifuri, w(t) inapaswa kuendelea kuuchochea mfumo: pawepo urefu fulani wa muda T ambao kila kipande chenye urefu huo, popote kinapoanzia, kinatoa integrali ya w² isiyopungua namba moja chanya. Sharti hilo likitimia, na w pamoja na w' zikiwa na ukomo, uthabiti unakuwa wa kielelezo, yaani makosa yanafifia kwa kasi isiyopungua ile ya kipeo hasi cha wakati, na ulio sawa kwa nyakati zote za kuanzia. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha kidhibiti, kagua kwanza njia uliyoipanga kama inaipa w(t) uchochezi huo.