Naombwa niwe mwenyekiti wa bodi ya shirika la watoto, na kijana wangu ni dereva wao. Nishaurini

MamaDirektrisi, Goma

Jambo yenu wote. Mimi ni msomaji wa kimya hapa, leo nimeshikwa pabaya.

Ni direktrisi wa shule ya msingi, miaka 54. Kuna shirika la kimataifa la watoto, makao makuu yako Ulaya. Linalipia watoto minervali, yaani karo ya shule, tena linawatafutia familia za kuwapokea wale waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia. Jina nitalinyamazia. Hapa Kongo limeandikishwa kama ASBL, yaani shirika lisilo la faida, lenye CA yake, yaani bodi. Jumapili moja baada ya ibada mratibu wao akanivuta pembeni: "Mama, tumekuona. Tunataka uwe PCA wetu, mwenyekiti wa bodi." Siwafichi, nilisikia utamu. Miaka 29 ya chaki, na ndiyo mara ya kwanza naitwa kwenye meza kubwa bila kuambiwa nipange viti.

Juzi akaja nyumbani na mafaili. PCA wa zamani, anasema, alisafiri tangu mwaka jana, hakukabidhi kitu. Akatoa PV, yaani kumbukumbu, ya kikao cha mwezi wa 11 inayosema nilichaguliwa siku hiyo kwa kauli moja. Mwezi wa 11 mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, hicho kikao sikijui. "Saini tu Mama, ni taratibu, mfadhili anaisubiri." Kuhusu pesa akasema tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, zinapitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, au M-Pesa, kwenye namba moja. Yake. Mimi nitapewa dola 250 kila mwezi za usafiri, ingawa CA inakaa mara 2 kwa mwaka.

Sasa kinachoniuma. Kijana wangu wa tatu ni dereva wao tangu mwezi wa pili. Kabla ya hapo diploma yake ilikaa miaka miwili ukutani kama kalenda. Huyu mratibu ndiye aliyemsaidia. Ameoa juzijuzi. Baba yao ananiambia nisipige teke sahani ya mtoto.

Nikubali, nikatae, au nikubali kwa masharti? Na msinicheke: PCA hasa kazi yake ni gani?

Kadogo_Birere

Mama kamata iyo nafasi! Batu banatafuta ata kazi ya kufungua mulango, weye banakuletea kiti mpaka ku nyumba. 250 ni minervali ya batoto ngapi?

MkaguziBukavu

Mama Direktrisi, salamu toka Bukavu. Nimekagua vitabu vya mashirika kwa miaka mingi, makubwa na yale ya mfukoni. Naanza na PV: usiiguse. Kusaini kikao ambacho hukuketi ni kughushi, hata ikiitwa taratibu. Siku faili ikifika parke, kwa waendesha mashtaka, mratibu atasema "mwenyekiti alisaini", na atakuwa anasema kweli.

Sheria yetu ya ASBL, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inataka vyombo 3: mkutano mkuu, yaani AG, kisha CA, kisha wanaokagua hesabu. AG ndiyo inayoteua na kuondoa watu wa CA. Mratibu hana kalamu hiyo, yeye ni mwajiriwa. Fikiria mwalimu wako wa darasa la tatu anaingia ofisini na kusema, "Mama, tumekuona, tunataka uwe inspekta wangu, na ripoti ya ukaguzi hii hapa, nimeshaiandika."

Umeuliza kazi ya PCA. Anaitisha vikao na kuviongoza. Yeye na wenzake wanapitisha bajeti kabla haijatumika, wanauliza maswali ikishatumika, wanampima mratibu, na ikibidi wanamwondoa. Mengine ni kukata utepe. Kwa hiyo anayekualika ndiye utakayekuwa mkubwa wake. Amechagua mkubwa ambaye mtoto wake anakula kwa mkono wake. Hakukosea njia, Mama.

Na hiyo 250: kikao mara 2, malipo mara 12. Mara 10 zinazobaki unalipwa kwa kufanya nini? Kunyamaza.

YayaFuraha_Majengo

Mkaguzi amemaliza, mimi naongeza la wamama wa mtaani. AVEC yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Majengo tuko wanawake 25, na akiba yetu haijazi hata begi la mtoto. Lakini sanduku lina kufuli 3, na funguo ziko kwa wamama 3 wa avenyu tofauti. Mmoja akifiwa, tunasubiri, hatufungui. Leo shirika zima la kimataifa linakaa kwenye simu ya mtu mmoja? Na neno la siri analijua nani, bibi yake?

Benki kufungwa ni kweli, wote tunateseka. Lakini kufungwa kwa benki hakukukataza watu wawili kusaini karatasi kabla pesa haijatoka.

MtotoWaKadutu, Leicester

Huku Uingereza nilipo kuna hadithi ambayo kila mtu wa mashirika anaijua. Kids Company, shirika la watoto la London, lilianzishwa mwaka 1996 na mama mmoja, Camila Batmanghelidjh, mwenye mvuto wa ajabu. Mawaziri walikuwa wanampenda. Mwenyekiti wa bodi kwa zaidi ya miaka 10 alikuwa Alan Yentob, kigogo wa BBC. Majina makubwa, pesa za serikali, lakini akiba karibu hakuna. Mwaka 2015 serikali iliwapa pauni milioni 3, na siku chache baadaye, mwezi wa 8, shirika likafunga. Watoto walikuta mlango umefungwa. Bodi ilikuwepo wakati wote huo!

Tena huku wajumbe wa bodi za mashirika ya hisani kwa kawaida hawalipwi. Wanarudishiwa nauli, basi.

WakiliLushi

Ndugu wa Leicester, hadithi usiiache nusu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu huko London ilikataa ombi la kuwafungia wale wajumbe na yule mama wasiongoze kampuni, jaji akawatetea kabisa. Mwaka 2022 tume inayosimamia mashirika ya hisani nayo ikasema kulikuwa na uendeshaji mbaya, madeni yalikuwa hayalipwi kwa wakati. Si wezi, ila walikuwa wanaamini kila mara kwamba pesa nyingine inakuja. Kwa Mama Direktrisi huo ndio upande wa kuangalia, maana pengine hata huyu mratibu si mwizi. Pengine amezoea kuendesha peke yake.

Lakini ninyi wote mmeongea pesa. Watoto je? Shirika hili linaweka watoto katika nyumba za watu. Tuna sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na CA ndiyo inayopaswa kujua kama inafuatwa. Mama, uliza hivi: mtoto au mama mlezi akilalamika juu ya mfanyakazi, lalamiko linafika wapi? Likiishia kwa mratibu, na likiwa linamhusu mratibu? Hata Save the Children, shirika la tangu 1919, mwenyekiti wa bodi yake ya kimataifa, Alan Parker, alijiuzulu Aprili 2018 baada ya maswali jinsi malalamiko ya wafanyakazi wanawake dhidi ya wakubwa yalivyoshughulikiwa.

Uombe pia kuona statuts, yaani katiba ya shirika. Jina lako litaingia kwenye tamko la viongozi linalokwenda Wizara ya Sheria Kinshasa, halitabaki Goma. Na kama wana F92 tu, ile karatasi ya muda ya usajili, uliza wameikalia miaka mingapi.

MzeeKeshero

Nimesoma yote. Vijana mnajua sheria, lakini mnamsukuma mama akimbie. Watu safi wakikataa viti vyote, tunajua nani atakaa. Mimi nasema akubali, lakini aingilie mlangoni: AG iitwe, achaguliwe mbele ya macho ya watu, zile 250 azikatae kwa maandishi.

Kuhusu kijana, asimwombe aache kazi. Atangaze kikaoni kwamba dereva fulani ni mwanangu, na kila jambo la madereva likija atoke nje. Hiyo inafanyika. Halafu nikwambie mama yangu, nilikuwa dereva wa mashirika miaka 11. Dereva anajua kuliko CA nzima. Anajua mafuta yameandikwa lita ngapi na tangi limeingia ngapi. Umeshamuuliza mwanao gari linakwenda wapi Jumamosi?

Kadogo_Birere

Mzee 😂😂 iyo ya Jumamosi! Sawa, narudisha maneno yangu. Mama usisaini.

MamaDirektrisi, Goma

Aksanti sana wote, na Mzee Keshero shikilia hapo, nitafika kwako.

Nilimwandikia mratibu kwa adabu. Niliomba statuts, PV ya AG ya mwisho, ripoti 2 za mwisho za ukaguzi, na majina ya wanaotoa idhini ya pesa. Alisoma saa tatu asubuhi. Jibu likaja saa mbili usiku: "Mama, mbona umeanza siasa?" Basi. Kesho yake kijana wangu akaambiwa apumzike wiki moja, gari liko garaji. Gari nimeliona kwa macho yangu likipita Katindo.

Nyumbani kumekuwa baridi. Kijana hakunisemesha siku 2. Siku ya tatu usiku akaja jikoni, nikamuuliza lile swali la Jumamosi. Hakujibu. Akaniambia tu, "Mama, usisaini." Akachukua sahani yake akaenda kula nje.

Niliandika makao makuu, anwani iko kwenye tovuti yao. Sikumshitaki mtu, niliuliza tu kama wanajua kwamba naombwa. Wamejibu haraka kuliko nilivyodhani. Kwao PCA wa zamani bado yuko kazini, na ripoti ya mwezi wa tano ina saini yake. Yule yule aliyesafiri mwaka jana.

Wanataka kuongea nami kwa simu Alhamisi saa nane. Mkaguzi, nipe swali la kuanzia, Kifaransa changu kikishikwa na woga kinapotea.

MkaguziBukavu

Usianze na ile saini, hiyo wataifikia wenyewe. Anza na kikao cha mwezi wa 11. Omba orodha ya waliohudhuria na risiti ya chakula. Nimeona PV nyingi za uongo, zote zina chakula. Kisha uliza ni mama gani alipika, na anakaa kartie gani. Na ile PV aliyokuletea nyumbani, kama bado unayo, ipige picha leo, pande zote mbili.