Majirani wa Mwembeni: mbwa wa geti jeusi

JUMATANO

Baba Shafii (18:41): Assalaam alaykum majirani. Mtoto wangu Shafii kang'atwa na mbwa wa geti jeusi akitoka madrasa. Pajani. Tuko kwenye boda tunaenda kituo cha afya. Mwenye mbwa anisikie.

Mama Doreen: Mungu wangu! Yule Bosi?

Baba Shafii: Huyo huyo. Geti lilikuwa wazi.

Dkt. Upendo Mifugo: Pole sana Baba Shafii. Mmeosha kidonda?

Baba Shafii: Mama yake kamwagia spiriti kafunga na kitambaa.

Dkt. Upendo Mifugo: Simamisheni boda. Fungueni kitambaa, osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Kumi na tano za saa, sio za kukisia. Sabuni ya kipande inatosha. Msipake kitunguu wala majivu, hata mkiambiwa na nani.

Baba Shafii: Sawa. Tumesimama kwa Mama Ntilie hapa bombani.

Bi Mwanahawa: Ya Rabbi. Mwanangu Shafii jana tu kaniletea mkate.

Mjumbe Kaniki: Poleni. Baba Shafii, nipo kituo cha polisi nafuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, ili mkifika msizungushwe. Wengine naomba utulivu kwenye kikundi.

(19:20)

Mama Doreen: Utulivu upi tena Mjumbe? Nilisema hapa mwaka jana, mkanicheka. Leo iwe mwisho. Mtaa upige marufuku rotwaila, pitibuli na yale majibwa ya Afrika Kusini yenye vichwa kama ndoo ya lita kumi. Anayetaka ulinzi aajiri mgambo.

Chidi Boda: Mama D mbona mbali. Sumu ya panya tu kwenye firigisi, asubuhi stori imekwisha

Dkt. Upendo Mifugo: Chidi, futa hiyo. Tena nasema kwa wote: ASIGUSWE. Bosi anatakiwa afungwe, ale, anywe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima hadi Jumamosi ya wiki ijayo, tunajua hakuwa na kichaa cha mbwa mate yake yalipoingia kwa mtoto. Mkimuua leo na kumfukia, mmefukia na jibu.

Chidi Boda: Nimefuta dokta. Hasira tu, mimi ndiye niliyembeba dogo, suruali yangu yote damu

Baba Kasimu Duka: Sindano Shafii atachomwa au wanasubiri hizo siku kumi?

Dkt. Upendo Mifugo: Hakuna kusubiri. Anaanza leo, nyingine Jumamosi, nyingine Jumatano ijayo, na kuendelea watakavyompangia. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa. Kinga ndiyo kila kitu.

Mwalimu Temba: Bosi ana chanjo?

Dkt. Upendo Mifugo: Hilo ndilo swali la usiku huu. Mimi sijawahi kumchanja. Kadi anayo mwenyewe.

Mwalimu Temba: Mwenyewe yuko Dodoma.

Mama Doreen: Na humu yumo. Nimebonyeza taarifa za ujumbe. @Baba Kelvin kasoma saa moja na dakika tano. Kimya.

Zawadi UK: Hamjambo nyumbani. Poleni sana kwa Baba Shafii. Hili la kukataza mbwa huku Birmingham tunalo kila siku. Uingereza wana sheria tangu 1991. Walianza na aina nne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo wa Argentina na Fila wa Brazili.

Chidi Boda: Dogo wa Argentina si Messi

Mjumbe Kaniki: Chidi.

Chidi Boda: Samahani Mjumbe

Zawadi UK: 😂 Mwaka 2023 wakamwongeza XL Bully, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kwa England na Wales ukikutwa naye bila cheti ni kosa la jinai. Waliokuwa nao tayari waliomba cheti kwa pauni 92.40, na masharti juu: ahasiwe, awekwe chipu, uwe na bima, na akitoka nje awe na kamba na amefungwa mdomo. Jirani yangu anaye mmoja, anatembea naye kavishwa kikapu mdomoni.

Mama Doreen: Mmeona? Wazungu wenyewe wanaolala nao kitandani wamekataza!

Mwalimu Temba: Zawadi, na kung'atwa kukaisha?

Zawadi UK: Hakujaisha, mwalimu. Walifunga mlango wa pitibuli, miaka ikapita, kaja huyu XL ambaye kwenye orodha ya 1991 hakuwemo. Na kumtambua ni kazi ya rula. Dume akifika sentimita 51 begani, halafu wanatazama kichwa, kifua na kadhalika. Wa 50 je? Uholanzi nao walikataza pitibuli 1993, wakaifuta 2008 kwa sababu kung'atwa hakukupungua.

Mama Doreen: Lakini Waingereza hawajafuta.

Zawadi UK: Hawajafuta. Na nisiwe mnafiki, nikipishana na yule wa jirani akiwa na kikapu chake, roho inatulia.

Dkt. Upendo Mifugo: Tatizo la orodha ni kwamba wanaonipa kazi mimi si rotwaila. Ninaoitiwa kata nzima ni mbwa koko, tena si wa porini, wana mabwana zao. Asubuhi mwenyewe anamwita "mbwa wangu", jioni aking'ata mtu anakuwa "mbwa wa mtaani". Vifo vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, 99 kwa 100 vinatokana na mbwa, na virusi havichagui mbegu. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakata. Hiyo ndiyo marufuku ninayoitaka.

Mama Doreen: Dokta nakuheshimu. Lakini koko aking'ata anaacha alama. Lile likimshika mtoto shingoni tunazika. Mnaniambia mmiliki, mmiliki, mmiliki. Mmiliki yuko wapi? Hayupo! Jibwa lipo. Mimi nakataza kile kilichopo.

Baba Kasimu Duka: Hapo Mama Doreen kanimaliza.

Bi Mwanahawa: Mimi mbwa simtaki, nina udhu wangu na swala zangu, na hilo kila mtu analijua. Lakini ukuta wangu na wao mmoja. Yule mnyama analia tangu alfajiri mpaka magharibi, kafungwa bandani juani, anafunguliwa usiku kazunguke. Kila siku ya Mungu. Hata binadamu ukimfanya hivyo atang'ata.

Dkt. Upendo Mifugo: Bi umesema kitaalamu kabisa. Mbwa asipozoeshwa watu akiwa mdogo, zile wiki zake za mwanzo, ukubwani kila anayepita ni mwizi.

Baba Kasimu Duka: Ndiyo sababu watu wanawafungia. Wanataka wawe wakali.

Mwalimu Temba: Ngoja nilete sheria kidogo, si kwa kujionyesha. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inagusa mambo ya uzembe unaohatarisha uhai. Humo yupo na mtu anayeacha kuchukua tahadhari kwa mnyama aliye naye. Sasa someni vizuri: ALIYE NAYE. Kwa geti jeusi, aliye na mbwa ni nani?

Baba Kasimu Duka: Si Baba Kelvin.

Mwalimu Temba: Baba Kelvin ana risiti ya kumnunua. Anayemlisha, anayemfunga na kumfungua ni Masunga.

Mama Doreen: Basi Masunga awajibike, kaacha geti wazi!

Bi Mwanahawa: Masunga hayumo humu. Ana kitochi. Tunamhukumu mtu aliye nje ya baraza.

(20:33)

Mama Ntilie: [Ujumbe wa sauti, 1:48]

Mama Ntilie: Huyo ni Masunga, nimemrekodi hapa kwangu. Anatetemeka.

Baba Kasimu Duka: Niko dukani kelele, nani aandike alichosema?

Mwalimu Temba: Anasema hivi. Komeo la geti liliharibika masika, alimwambia Baba Kelvin akaambiwa subiri mwisho wa mwezi. Amekuwa akilifunga kwa kamba ya katani. Leo boza la maji limekuja jioni badala ya asubuhi, akafungua geti liingie. Bosi alikuwa bandani, lakini dereva wa boza alipopiga honi mbwa akavunja ubao. Masunga alimkimbilia akamvuta kwa mikono, naye kang'atwa kiganjani. Na mwishoni anasema, nanukuu: "Mimi mwenyewe yule mbwa namwogopa. Nilipoletwa niliambiwa ni kazi ya bustani."

Bi Mwanahawa: Subhanallah.

Dkt. Upendo Mifugo: MASUNGA NAYE KANG'ATWA? Mama Ntilie, sabuni na maji sasa hivi! Chidi ukirudi mchukue umpeleke alipo Shafii. Mbona hakusema?

Mama Ntilie: Alificha mkono mfukoni. Anasema hana hela ya sindano.

Chidi Boda: Nakuja kumchukua. Bure hiyo

Mama Doreen: Pole yake. Sikujua.

Mwalimu Temba: Ndiyo maana nikauliza aliye naye ni nani. Tukisema "alaumiwe mwenye mbwa" tunadhani tumemaliza. Mwenye mali yuko Dodoma na kadi ya chanjo, mwenye kuchunga yuko bandani na kamba ya katani. Polisi wakija leo watamchukua yupi?

Baba Kasimu Duka: Wa karibu.

(22:14)

Baba Kelvin: Wapendwa majirani, poleni sana, na kipekee Baba Shafii. Nilikuwa kwenye kikao. Tukio hili limenisikitisha. Gharama zote za matibabu nitabeba. Mbwa alichanjwa akiwa na miezi mitatu, kadi iko kwenye gari. Kuhusu uzembe uliotokea, kijana nimeshamsimamisha kazi kuanzia usiku huu. Asanteni.

Dkt. Upendo Mifugo: Miezi mitatu. Sasa ana umri gani?

Baba Kelvin: Anaelekea miaka minne.

Dkt. Upendo Mifugo: Chanjo ni kila mwaka kaka yangu. Hiyo kadi ni kumbukumbu tu ya utoto wake.

Mjumbe Kaniki: Baba Kelvin, kijana umemsimamisha. Usiku huu Bosi anafungwa na nani? Kesho analishwa na nani?

(22:31)

Mama Doreen: Kasoma tena.

Bi Mwanahawa: Mimi naingia ndani naweka kitasa. Nasikia minyororo inaburuzwa huko.

Chidi Boda: Nani aende? Mimi sina ujasiri huo hata kwa nauli ya Morogoro

Baba Kelvin: Nitatafuta mtu kesho.

Baba Shafii: Nimerudi na mtoto, kalala. Nimesoma yote. Baba Kelvin, sikujibu kwa hasira, hasira nimeiacha kwenye foleni ya sindano. Masunga tulikuwa naye benchi moja. Kalipiwa na Chidi. Namtaka mbwa wako awe hai siku kumi, daktari kasema. Hapa mtaani mtu pekee anayeweza kumsogelea akatulia ni huyo uliyemfukuza. Mrudishe usiku huu, na hela ya sindano umtumie yeye kabla yangu.

Mwalimu Temba: 🙏🏾

Baba Kelvin: Nimekuelewa Baba Shafii. Namba ya Masunga haipatikani.

Mama Ntilie: Kitochi kimekwisha chaji. Piga yangu, yuko hapa anakula.

ALHAMISI

Mjumbe Kaniki (07:15): Habari za asubuhi. Baba Kelvin katuma fedha, fundi yuko getini anaweka komeo jipya. Masunga kalala kule na Bosi yuko kwenye mnyororo ndani ya banda, ubao umepigwa misumari. Dkt. Upendo atapita kila asubuhi hadi Jumamosi ya wiki ijayo.

Dkt. Upendo Mifugo: Nimepita tayari. Kala, kanywa, hana povu, hajabadilika sauti. Masunga namfundisha kumtembeza mchana na kamba fupi, baada ya siku kumi lakini. Baba Kelvin naomba kikapu cha mdomo kabla ya hapo.

Baba Kelvin: Kikapu kinauzwa wapi?

Zawadi UK: Hata nikikutumia mimi nitakutumia, huku madukani vimejaa.

Mama Doreen: Shafii anaendeleaje?

Baba Shafii: Kaamka anachechemea. Kakataa kwenda shule kwa njia ile, nitampitisha ya nyuma.

Mama Doreen: Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto abadilishe njia, mbwa abaki na yake. Hoja yangu ya marufuku sijaiondoa. Jumapili naileta kikaoni, na safari hii msinicheke.

Baba Kasimu Duka: Mimi nitakuunga mkono kwa wapya. Waliopo wabaki kwa masharti kama ya kwa kina Zawadi.

Mwalimu Temba: Masharti yasimamiwe na nani? Kule kuna daftari na mtu wa kuja kukagua.

Mjumbe Kaniki: Mwalimu umenigusa. Daftari langu lina kaya 84, mpaka mpangaji wa chumba kimoja nimemwandika. Mbwa hata mmoja hayumo. Tuanze hapo. Kila kaya iandike idadi, aina, mwaka wa chanjo ya mwisho, na jina la ANAYEMFUNGUA. Sio jina la mwenye risiti.

Baba Kasimu Duka: Kasimu Dukani, koko mmoja, hajachanjwa. Namfungua mimi.

Mwalimu Temba: Temba, jemani shepadi chotara mmoja, chanjo mwaka huu. Anafungua mke wangu.

Baba Kelvin: Geti jeusi, rotwaila mmoja. Masunga.

Mama Doreen: Na mshahara uongezeke basi, maana kazi si ya bustani tena.

Baba Kelvin: Nimesikia mama.

Mjumbe Kaniki: Endeleeni. Dokta anasema wakifika ishirini atakuja Jumapili na boksi la chanjo palepale kikaoni.

Bi Mwanahawa: Kwangu mbwa sina na sitakuwa naye. Niandike paka saba.

Dkt. Upendo Mifugo: Bi, paka nao wanachanjwa kichaa cha mbwa.

Bi Mwanahawa: Haya, njoo. Ila uje na glovu, na yule wa kijivu umwache wa mwisho.