Mjadala: Je, modeli ya kompyuta inaweza kutuonyesha akili ya mtu inavyofanya kazi?

Mwanzisha mada, Nyegezi
Mwanangu wa mwisho alipokuwa anajifunza kuongea alisema "meno" sawasawa. Miezi michache baadaye akaanza "majino", na "majicho" badala ya "macho". Bibi yake akasikitika, akaona mtoto anarudi nyuma. Mimi niliona amepiga hatua, kwa sababu nyumbani hakuna mtu mzima anayesema "majino". Kanuni aliigundua mwenyewe, akawa anaipachika kila mahali.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Rumelhart na McClelland, walieleza modeli ya kompyuta, yaani programu inayoiga jinsi kitu kinavyofanya kazi, iliyojifunza wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza. Hawakuiandikia kanuni. Waliipa mifano tu, na kila ilipokosea, miunganisho iliyomo ndani yake ilikazwa au kulegezwa kidogo. Ikapita njia ya mwanangu: ikapatia vitenzi visivyofuata kanuni, ikaja kuviharibu, kisha ikavipatia tena. Msimamo wangu ni kwamba modeli hutufundisha pale inapokosea kama sisi. Kikokotoo cha dukani kinanishinda kujumlisha, na hakijanieleza lolote kuhusu kichwa changu.

Mwanafunzi, Igoma
Shikamoo mwalimu. Umeacha nusu ya habari. Modeli ile ilianza kulishwa vitenzi 10, vingi vikiwa visivyofuata kanuni, kisha vikaongezwa 410 kwa mpigo. Kuharibika kukaja hapo hapo. Watafiti wengine, Pinker na Prince, waliikosoa vikali mwaka 1988, na hilo likiwemo. Mtoto hamwagiwi maneno namna hiyo. Tuliyoyaona ni ya akili ya mtoto, au ni mkono wa mpishi?

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba
Kompyuta sijasomea, ila nahodha ninayenunua kwake namjua. Usiku wa giza anawasha taa ziwani huku anausikiliza upepo, na mwenzake aliyezama hajamsahau. Akiamua kurudi nchi kavu na ndoo mbili, uamuzi ule una woga ndani yake. Hiyo mashine yenu inaogopa maji gani? Akili bila mwili mimi siielewi.

Mwanzisha mada
Marahaba mdogo wangu. Dada wa Kirumba, nianze na wewe, maana hoja yako ni nzito. Kuna mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302. Ramani ya jinsi zinavyoungana ilichapishwa 1986, lakini ramani peke yake haitoshi kutuambia mnyoo huyo atafanya nini. Sisi tuna seli kama bilioni 86, tena tuna njaa, watoto na madeni. Woga wa nahodha mzima sidai kwamba umo kwenye modeli yoyote.

Kipande chake kimoja, hata hivyo, kimeshikika. Nahodha akitarajia ndoo kumi akapata mbili, ile tofauti ndiyo inayomfundisha. Hesabu hiyo ya kujifunza ilikuwa tayari kwenye kompyuta, na mwaka 1997 watafiti Schultz, Dayan na Montague walionyesha kuwa inalingana na jinsi seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupashana habari, kwenye ubongo wa kima zinavyoitikia: zawadi isipokuja kwa wakati wake, seli zinanyamaza.

Kuhusu mpishi, nakubali kabisa. Ila angalia alivyokamatwa. Idadi ya vitenzi na mpangilio wake vilikuwa wazi, ndiyo maana wakosoaji walipata pa kushika. Mimi nikisema kwa mdomo tu kwamba "mtoto hugundua kanuni", mtanikamatia wapi? Na modeli ile ni ya Kiingereza. Ngeli zetu zingeweza kuipa mtihani mwingine kabisa, tukiwa na rekodi za makosa ya watoto wetu.

Mwanafunzi, Igoma
Hapo kwenye rekodi niko nawe, modeli bado tutabishana. Kwetu mtoto huanza na Kisukuma, Kiswahili anakikuta kwa majirani. Nina mdogo wangu wa miaka mitatu. Leo jioni naanza kuandika kila neno analokosea, na tarehe yake.