Mchango wa Uswidi na Denmark katika mwanzo wa maigizo ya tsar wa Urusi

MpenziWaTamthilia ameuliza:
Ndugu zangu, salaam. Kila nisomapo historia ya tamthilia ya Urusi naelezwa kwamba mchezo wa kwanza mbele ya tsar (mfalme wa Urusi) Alexei Mikhailovich ulionyeshwa tarehe 17 Oktoba 1672 huko Preobrazhenskoye, karibu na Moscow, na kwamba waliouandaa walikuwa Wajerumani. Hata hivyo, Uswidi na Denmark hutajwa mara kwa mara bila maelezo. Je, zilichangia jambo lolote la kweli?

Msomaji wa Kumbukumbu amejibu:
Zilichangia, ingawa si kwa njia ambayo wengi hudhani. Mwezi Mei 1672 tsar alimtuma Nicolaus von Staden, ofisa wa kigeni aliyekuwa katika utumishi wake, kwa Jacob, mtawala wa Courland, eneo ambalo leo limo ndani ya Latvia, akatafute wapiga tarumbeta na watu wenye ujuzi wa kuandaa maigizo. Asipowapata huko, aendelee hadi Uswidi na Prussia. Staden alifika Stockholm, akazungumza pia na kundi la Anna Paulson, waigizaji wa Kijerumani waliokuwa chini ya hisani ya mfalme wa Denmark. Waliogopa kwenda Moscow, na mjumbe akarudi na wanamuziki wachache tu.

Kwa maoni yangu, kukataa huko ndiko kulikoamua sura ya tamthilia ya Urusi. Tsar hakuwa amewasubiri: tarehe 4 Juni alikwisha kumwagiza Johann Gottfried Gregorii, mchungaji wa Kilutheri katika mtaa wa wageni wa Moscow, atunge mchezo kutokana na Kitabu cha Esta. Kwa kuwa waigizaji wa kulipwa hawakuja, majukumu yote yalibebwa na vijana wa mtaa huo, watoto wa wageni wenyewe, ambao iliwabidi wafundishwe kila kitu kuanzia mwanzo. Inasemekana mchezo ulichukua saa kumi, na tsar hakunyanyuka.

Mwanafunzi wa Historia amejibu:
Naafiki, lakini tusiipe Skandinavia sifa isiyo yake. Stockholm yenyewe ilikuwa ikitegemea wageni: jumba la maigizo la Lejonkulan lilifunguliwa mwaka 1667 kwa ajili ya kundi la Waholanzi. Kwa hiyo Staden alipokwenda kaskazini hakuwa akitafuta sanaa ya Waswidi wala ya Wadenmark. Alikuwa akiwafuata waigizaji wa Kijerumani na wa Kiholanzi waliozunguka miji ya pwani ya Baltiki kutafuta wafalme wa kuwalisha.

Deni kubwa tulilo nalo kwa Uswidi, naona, ni la kumbukumbu. Riga na Narva, miji ya eneo la Baltiki, zilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi, na wawakilishi wake walikuwa wakiandika kwa bidii kuhusu yote yaliyotokea Moscow. Watafiti Ingrid Maier na Claudia Jensen, wakifuatilia barua na magazeti ya wakati ule, wameonyesha kwamba tsar alikwisha kuburudishwa kwa muziki na vichekesho mwezi Februari 1672, miezi minane kabla ya mchezo wa Esta. Ndiyo maana ile tarehe ya Oktoba uliyoitaja, ndugu muulizaji, ningeiita tarehe ya tamthilia kamili ya kwanza, si ya burudani ya kwanza ya jukwaani.