Vifaranga vya sato vinapinda mgongo, niongeze vitamini?

Mfugaji Ndanda: Wakuu, heshima kwenu. Nina vifaranga vya sato vya wiki tatu kwenye simtanki iliyokatwa. Jana usiku nimemulika tochi: vingine vimejikunja kama ndoano, vinazunguka palepale. Nalisha unga wa dagaa na pumba, pamoja na vitamini. Niongeze kipimo? Sijalala.

Kaka Masasi: Pole mkuu. Mimi bwawa langu lilimalizwa na kenge mmoja. Mia nne na ushee, wiki moja tu! Weka wavu kwanza.

Mama Mikindani: Pesa ya korosho ikiingia, kila mtu mfugaji. Ungeanza na kuku, mwanangu.

Fundi Bwawa: Vitamini gani, na kiasi gani?

Mfugaji Ndanda: Za kawaida tu.

Fundi Bwawa: Kawaida ipi? Vitamini C ikipungua, mgongo unapinda. Vitamini A ikizidi wakiwa wachanga, unapinda vilevile. C ya ziada hutoka na maji, A hubaki kwenye ini. Taja.

Mfugaji Ndanda: Vile vidonge vyekundu vya matone ya watoto. Natoboa viwili kwa kilo ya chakula. Lakini mtoto anapewa na anapona, samaki atadhurikaje? Na wiki ya kwanza walichangamka sana.

Fundi Bwawa: Hiyo ni vitamini A. Kimoja kina yuniti 200,000, na mtoto hupewa baada ya miezi kadhaa. Sato anatosheka na kama 5,000 kwa kilo nzima ya chakula. Wewe unampa 400,000, kila siku. Ni mara themanini, ndugu yangu!

Mzee wa Lindi: Hii chai. Matone yale hayauzwi dukani, yanatolewa kliniki. Akaunti yenyewe ya juzi. Tupe picha.

Mama Mikindani: Kama ni kweli, ni dhambi. Kuna mtoto amekosa hayo.

Mfugaji Ndanda: Si chai, mzee wangu. Yalibaki kwa ndugu baada ya kampeni, yamekaribia kuisha muda. Sikumnyang'anya mtoto. Picha nimejaribu, simu haishiki vitu vidogo hivi.

Mzee wa Lindi: Ndugu gani huyo anabakiwa na dawa za serikali?

Fundi Bwawa: Hayo baadaye. Acha vidonge leo. Badilisha maji nusu, wape unga mpya usio na kitu, watoe waliopinda, hawanyooki tena. Waliobaki wahamishie kwenye maji ya kijani yenye samadi, wajitafutie.

Mfugaji Ndanda: Nimekuelewa. Ila nina ndoo ya kilo tatu nilishachanganya. Nikiwapa kidogo kidogo, na pumba nyingi?

Fundi Bwawa: Fukia.